Ulimi na Tundu Lake

Vumbi la mbao halina haraka. Msumeno ukishanyamaza, lenyewe bado liko hewani, linaelea katika vijiti vya mwanga vinavyopenya kwenye matundu ya bati, linazunguka, linajifikiria, ndipo linatua. Linatua juu ya randa, juu ya kopo la gundi, juu ya nyusi za fundi. Hata aoge vipi, hubaki nalo kidogo nyuma ya sikio, kama mtu anavyobaki na jina.

Na jina alikuwa nalo. Karakana nzima na mtaa mzima walimwita Mzee Amina. Kanisani, sala ilipofika mwisho, watu wote waliitika amina. Lakini sauti ya seremala huyu ilifika nyuma kidogo ya wengine, nzito, ya chini, kama mlango mzuri unaofungwa na mwenye nyumba. Watoto waliolala mabegani waliamka. "Haya, Mzee Amina kashafunga," watu walinong'onezana, "twende nyumbani."

Kuomba kwenyewe hakuomba. Alilisema jambo hilo bila haya, tena kwa majivuno kidogo: kila chombo na kazi yake, nyundo haikati. Mwombaji wa nyumba ile alikuwa mkewe.

Mkewe aliomba kama mtu anavyofagia, kuanzia pembeni hadi mlangoni, bila kuruka kitu. Aliwaombea wagonjwa, aliwaombea wasafiri, alimwombea jirani ambaye kuku wake walimchimbulia mboga. "Na hao kuku, Bwana," aliongeza, mwiko ungali mkononi, "uwape akili kidogo, maana mwenye nao hana ya kuwagawia." Hakubadilisha sauti alipoomba. Aliyepita dirishani angedhani anaongea na mtu wa nyumbani. Na kweli alikuwa akiongea na mtu wa nyumbani.

Kabla ya chakula kulikuwa na utaratibu. Kwanza alimpangusa mumewe vumbi mabegani kwa kiganja, pa, pa, pa. "Mungu anaita watu mezani," alisema, "haiti magogo." Kisha aliketi, akaweka mkono juu ya meza, kiganja kikitazama juu. Mumewe akaweka wake juu yake. Kisha akaomba. Na alipofika mwisho akanyamaza, wala hakusema amina. Aliiacha pale mezani, kama mtu anavyomwachia mwenzake kipande kinono. Ndipo mumewe akaitika, na vikombe vikatikisika, na wakala.

Ulikuwa mkataba wa siku ya kwanza ya ndoa, mbele ya wakwe, kijana seremala alipoambiwa aombee chakula na shingo ikamlowa jasho. Bibi harusi aliinama akamnong'oneza: "Mimi nitaomba. Wewe funga mlango." Baadaye alimweleza. Sala isiyoitikiwa ni mlango ulioachwa wazi, na watu wenye adabu hawaketi kula mlango ukiwa wazi.

Hivyo wakazeeka, mmoja akifungua, mmoja akifunga.

Basi asubuhi moja mkewe alikuwa akimenya viazi. Kisu kikaanguka. Alitaka kusema kisu kimeanguka, na neno nalo likaanguka.

Kiharusi kilichukua mkono wa kulia. Kilichukua pembe moja ya mdomo. Kilichukua ulimi, kikauweka mahali pasipofikika. Hospitali walimhangaikia, wakamrudisha nyumbani akiwa hai, macho yake yale yale. "Anaweza kumeza," daktari alisema. "Mpeni vitu laini, taratibu. Akigoma kula, mrudisheni tumpitishie mpira puani. Lakini mwili umechoka, mzee. Nisingependa tufike huko."

Akagoma.

Maji alikunywa. Dawa alimeza. Kijiko cha supu kilipokaribia, mdomo ulifungwa, na kichwa kikageuka ukutani. Binti yao mkubwa, fundi cherehani, alikuwa amefunga duka lake na kuja kukaa. Alibembeleza, akaimba, akakasirika, akalia.

"Mama, kimoja tu. Kimoja, kwa ajili yangu."

Ukuta ukatazamwa.

"Mama, ulinichapa kwa kukataa mboga. Leo nikufanyeje wewe?"

Jicho moja lilicheka. Mdomo haukufunguka.

Basi wakaomba. Mchungaji alikuja, na kina mama wa jumuiya wakaja, wakajaza chumba, wakasimama kukizunguka kiti alichokalia, mikono ikimfunika kichwa. Walimwombea kwa machozi na kwa maneno mazuri. Walipomaliza waliitika wote kwa pamoja, na Mzee Amina akaitika nyuma yao mpaka kioo cha dirisha kikalia. Kijiko kikapelekwa. Mdomo ukafungwa. Naye akamgeuzia mumewe macho, wala hayakuwa na hasira. Alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyekalia kiti chako bila kujua.

Fundi alikiona kile kitu machoni mwake. Hakukielewa. Alikibeba kifuani kama kibanzi kilichoingia kidoleni, ambacho hakionekani, na kila ukigusa kitu kinakukumbusha.

Shavu la mama likabonyea. Bangili ikamvuka kiwiko.

"Baba," binti alisema asubuhi, akikunja shuka, bila kumtazama, "akikataa na mchana huu, jioni tunamrudisha."

"Tutamrudisha," baba akajibu.

Akatoka kwenda karakana, na njiani, pale ukuta wa shule unapokata kona, akaanza kuomba. Sikiliza, ndugu msomaji: mtu aliyeitikia maisha yake yote alikuwa hana pa kuanzia. Mdomo wake ulikwama kama msumeno mkavu kwenye mbao mbichi. "Bwana," akasema. Akatembea kidogo. "Bwana, ni mimi. Yule wa mwishoni."

Akaona aibu. Kisha akaona kwamba hakuna aliyecheka, si mbinguni wala barabarani, akaendelea. Alipokosa neno lake alichukua la mkewe, maana maneno ya mkewe yalikuwa yamejaa ndani yake. Yote aliyoyasikia juu ya meza ile yalikuwa yamepangwa kichwani kama mbao zilizokaushwa vizuri, zikimngoja mwenye kazi. Wagonjwa. Wasafiri. Jirani. Hakuwa amejua kwamba ana ghala. Hapo ndipo ilipo faida ya sala ya kila siku, ile ndogo, ya jikoni, isiyoshangiliwa na mtu: inaweka akiba wakati hakuna shida, ili siku ya shida mkono ukipapasa usikute rafu tupu. Mwenye kunoa patasi yake kila jioni hatafuti jiwe la kunolea wakati mteja yuko mlangoni.

Alifika kazini bado midomo ikicheza.

"Mzee Amina," aliita Vanishi, mpaka rangi wa karakana, mtu wa mikono ya kahawia na maneno mengi, "leo unaongea na mbao?"

"Naomba."

"Wewe? Basi hata nyundo itaanza kukata." Halafu akaishusha sauti. "Mama amekula?"

"Bado."

Vanishi akapangusa mikono, akaitazama sakafu. "Njoo uone. Nimekusaidia kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kiti cha mkewe. Fundi alikuwa akimtengenezea kiti chenye mikono miwili, cha kumshikilia upande ule usiojishikilia. Miguu tayari. Mgongo tayari. Mkono wa kushoto umekwisha kuingia. Mkono wa kulia ulikuwa bado juu ya meza ya kazi, ncha yake imechongwa ile sehemu nyembamba ambayo mafundi huiita ulimi, ulimi unaoingia katika tundu la mguu, ukauma, na kiti kikawa kitu kimoja.

Na Vanishi, kwa upendo wake, alikuwa amekipiga msasa chote. Kilikuwa laini kama shavu.

Fundi akauchukua ule mkono wa kulia, akatafuta tundu lake. Akapapasa. Akavaa miwani. Akapapasa tena.

"Tundu liko wapi?"

"Tundu gani?"

"La huku."

"Ah, lile. Nililiona, nikaliziba. Gundi na vumbi la mbao, nikasawazisha. Huwezi kujua kama palikuwa na kitu." Vanishi alikuwa akitabasamu, kisha tabasamu likaanza kumponyoka. "Nilidhani mkono umeteleza, mzee. Mtu akiwa na mgonjwa... nikasema nimfichie."

"Vanishi. Sasa ulimi utaingia wapi?"

Alikuwa anauliza habari ya kiti. Lakini swali lilipotoka kinywani halikwenda kwenye kiti. Lilitoka mlangoni, likapita ukuta wa shule, likaingia nyumbani kwake, likasimama mbele ya mwanamke aliyekaa na mdomo umefungwa.

Ulimi utaingia wapi?

Akaketi juu ya rundo la mbao. Akauona mzunguko wa watu, na mikono juu ya kichwa kile. Walimwombea. Wote walimwombea, wala hakuna aliyeomba naye. Kumwombea mtu na kuomba naye ni mambo mawili, na kati yake mtu anaweza kufa njaa. Walikuwa wameona pengo, pengo la mtu asiye na sauti, na kwa upendo wao wakaliziba, wakalisawazisha, wakalipiga msasa kwa maneno mazuri. Amina zilimiminika haraka, na ya kwake ikiwa nzito kuliko zote, na ule ulimi wa polepole ukakuta ukuta pale palipokuwa na nafasi.

Hakukataa chakula, masikini. Alikuwa akingoja zamu yake katika sala.

Kiharusi kilichukua maneno. Zamu hakikuichukua.

"Nizibue?" Vanishi aliuliza, patasi mkononi, uso wa mtu aliyevunja chungu cha mkwe.

"Zibua. Polepole. Usipanue." Fundi alikuwa ameshafika mlangoni. "Na usijilaumu. Tulikuwa wengi."

Mchana ulikuwa umesimama katikati ya nyumba. Mwanga uliingia dirishani ukakaa juu ya meza kama mgeni aliyezoea. Binti alikuwa na bakuli la supu na kijiko, na begi la hospitali lilikuwa tayari karibu na mlango.

"Ngoja," baba akasema.

Hakunawa kwanza. Hakujipangusa. Alikisogeza kile kiti cha zamani alichokalia mkewe mpaka magoti yake yakaingia chini ya meza, mahali pake pa siku zote. Kisha akaketi, akaweka mkono wake juu ya meza, kiganja kikitazama juu.

Mkewe alikitazama kiganja kile. Akakitazama kwa muda. Kisha mkono wa kushoto, ule ulio hai, ukatoka mapajani, ukapanda mezani kama mzee apandaye ngazi, ukaketi.

"Bwana," fundi akasema, "sisi hapa. Wawili, na mtoto. Tunakushukuru kwa supu. Uwakumbuke wagonjwa. Uwakumbuke walio safarini. Umkumbuke Vanishi, ana moyo mzuri na mkono mwepesi. Umkumbuke jirani. Na hao kuku, Bwana." Kiganja chini ya kiganja kikasikia kitu kinatikisika. "Unawajua. Leo wamemaliza mchicha. Na huyu uliyenipa anishike mkono, namshukuru mbele yako, akiwa anasikia, maana sikuwahi."

Akanyamaza.

Amina ilikuwa imekwisha panda kooni. Maisha yake yote haijawahi kuzuiwa. Ilimsukuma kama chafya, ikagonga meno, na fundi aliyewahi kubeba magogo peke yake akaona kwamba hajawahi kubeba uzito kama huo. Binti akafungua kinywa aitike. Baba akainua kidole. Binti akafunga kinywa.

Bomba la nje lilidondosha tone. Kuku alisema jambo. Mlango wa sala ulikuwa wazi, wazi kabisa, na hakuna aliyeugusa.

Ndipo uso wa mama ukaanza kazi. Ulianzia machoni, ukashuka shavuni, upande mmoja ukivuta, upande mwingine ukivutwa. Shingo ikakaza. Fundi aliijua hali ile. Ulimi mpya hauingii kwa mara moja, unaingia, unagoma, unataka kugongwa kidogo, na ole wake mwenye pupa. Hakumsaidia. Alingoja, na kule kungoja kukawa ndiyo sala ndefu kuliko zote alizowahi kuomba.

"Mmm," mama akasema.

Akaanza upya.

"Mmm... na."

Haikutikisa vikombe. Nzi aliyekuwa ukingoni mwa bakuli hakushtuka. Lakini fundi alisikia kitu kikiuma mahali pake, tuk, na akajua, kama mkono wake unavyojua, kwamba kiungo hicho hakitaachia.

Mama alivuta pumzi. Akamgeukia binti yake. Akafungua mdomo.

Kijiko cha kwanza kilimwagika nusu, kwa sababu binti alikuwa akimtazama mama yake, si kijiko. Cha pili kikaingia chote. Cha tatu mama alikifuata mwenyewe kwa midomo. "Taratibu, Mama," binti akasema, akicheka na kamasi, "tumbo hilo lilikuwa limefunga ofisi."

Begi la hospitali lilibaki mlangoni mpaka jioni, kisha mtu akaona linamkwaza, akalirudisha juu ya kabati.

Lakini kabla ya hapo, bakuli likiwa halijaisha, mama alisukuma kijiko pembeni kwa kidevu. Kuna jambo lilikuwa limerukwa, na yeye hakuwa mtu wa kuacha jambo lirukwe. Aliinua mkono wa kushoto. Ulichelewa, uliyumba, ulipotea kidogo hewani, kisha ukalifikia bega la mumewe, likiwa bado na asubuhi nzima ya karakana.

Pa. Akapumzika. Pa.

Vumbi la mbao halina haraka. Lilitoka begani mwa fundi likaingia katika mwanga wa dirisha, likazunguka juu ya supu, juu ya mikono iliyoshikana, likawaka kila chembe. Wote watatu walilingoja litue. Halikutua. Lilipanda.