Mlango wa Kupimia

Kila alasiri, kazi za nyumbani zikiisha au zikimchosha, Bibi Penseli alitoa kigoda barazani, akaweka ubao mapajani, akabana karatasi kwa vibanio viwili vya nguo, akachora mtaa. Vibanio alikuwa navyo tele. Alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka ishirini na sita, na siku ya kustaafu walimpa cheti na mkono wa pongezi; vibanio alijipa mwenyewe. Anga alilipaka kwa bluu ya kufulia. Rangi nyingine zilikuwa vidonge vya rangi ya maji, vile vya kulowesha kwa brashi, vya watoto wa shule.

Hakufundishwa na mtu. Darasani alitolewa kwenye somo la kuchora kwa sababu alimchora mwalimu mkuu akisinzia, na wote wakamtambua. Tangu hapo alishika kanuni moja: anachora anachokiona. Fundi baiskeli aliwahi kumwomba ampunguzie kitambi.

"Kipunguze wewe, baba," akamjibu. "Ukimaliza niite nije nichore."

Nyumba yake ilikuwa pale barabara inapopinda, kwa hiyo akikaa barazani aliuona mtaa wote umemlalia mbele kama mkeka. Kushoto ilikuwa nyumba ya Mama Cherehani, fundi nguo, mjane, shoga yake tangu wote wawili wana meno kamili. Kulia, ng'ambo ya barabara, ulikuwa ukuta wa ghala la mwenyekiti wa mtaa. Na Bibi Penseli alikuwa na namna moja tu ya kuanza. Alinyoosha mkono wenye penseli, akafumba jicho moja, akapima mlango wa Mama Cherehani kwa ukucha wa dole gumba. Kuanzia hapo kila kitu kilihesabiwa kwa milango. Nguzo ya umeme, milango mitatu na robo. Fundi baiskeli, mlango kasoro kichwa, na kitambi nusu mlango. Barabara, kutoka kizingiti cha Mama Cherehani hadi ukuta wa mwenyekiti, alipoanza kuchora miaka thelathini iliyopita, ilikuwa milango sita.

Jumanne moja asubuhi tingatinga lilikuja likaiondoa nyumba ya Mama Cherehani. Barua ilisema barabara imebanwa. Haikusema imebanwa na nani. Nyumba ilikuwa na alama nyekundu ya X kwa wiki mbili, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka, na saa nne kilibaki kifusi na kizingiti cha saruji. Mama Cherehani alihamishia cherehani yake kwenye ukumbi wa Bibi Penseli, akakaa kwenye kochi na mafurushi, akatafuta mkasi wake. Mkasi aliusahau. Ulikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

Alasiri ilipofika Bibi Penseli akatoka kuchora kama kawaida. Akanyoosha mkono, akafumba jicho, na mkono, ambao haukuwa umeambiwa chochote, ukaanza na mlango. Alipofumbua jicho la pili, mlango ulikuwa karatasini na upande wa kushoto wa barabara palikuwa na kifusi.

Akachukua ufutio. Akafikiri. Bila mlango, nguzo ingekuwa na urefu gani? Akaurudisha ufutio mfukoni. Mlango nao hausimami peke yake, kwa hiyo akauwekea ukuta. Ukuta ukataka dirisha, dirisha likataka pazia, na chai ilipochemka nyumba ilikuwa nzima mpaka bati lenye kiraka.

Mama Cherehani akaitazama mezani.

"Umenifungia mlango."

"Rangi haijakauka, shoga, usiguse."

"Mkasi wangu uko nyuma ya huo mlango."

Akapiga hodi. Alizoea kupiga hodi hata kwake, kwa heshima ya marehemu mumewe. Kisha akafungua. Mlango ulikuwa na urefu wa njiti ya kiberiti, kwa hiyo ilimbidi ainame kidogo. Akaingia. Bibi Penseli akamaliza chai yake, na ya mwenzake akaifunika kwa kisahani isipoe.

"Mkasi upo!" sauti ikatoka. "Na vumbi lipo vilevile. Hukusahau kitu."

"Nachora ninachokiona."

"Basi nipitishie cherehani."

Cherehani ilisumbua. Mguu mmoja ulikwama pambizoni mwa karatasi, mmoja akavuta, mwingine akasukuma, wakatukanana kidogo, ikaingia.

Picha ikatundikwa ukumbini, chini kidogo, usawa wa kifua, ili wateja wasisimamie vidole. Waliingia, wakasalimu, wakapitisha kitambaa dirishani, wakasubiri. Lalamiko lilikuwa moja tu: nguo zilizoshonwa mle zilichuja. Muuza mboga alirudi siku ya tatu ameshika pindo mkononi.

"Mama Cherehani, gauni limekwisha kwenye beseni! Nimebaki na hili!"

"Nilikwambia ulipanguse. Nani alikutuma ulifue?"

Mtaa ukajifunza kupangusa. Mama Cherehani alikula kwake, alilala kwake, na asubuhi alifungua mlango akamwaga maji ya deki, yakamlowesha Bibi Penseli miguu.

Mwenyekiti akapeleka taarifa ofisini kwamba nyumba iliyobomolewa inakaliwa.

Mpimaji alikuja Jumatatu, yuleyule aliyeiandika nyumba X ya kwanza, kijana mpole mwenye daftari na utepe wa kupimia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu, nimepiga deki."

Akavua. Akaisogelea picha, akamsalimu Mama Cherehani kupitia dirishani, akapima nyumba kwa utepe, akaandika.

"Ni ileile," akasema. "Bati nalikumbuka, na kiraka chake. Bibi, umewezaje kupatia vipimo namna hii?"

Hapo Bibi Penseli akasahau kwamba amejiapiza kutosema na mtu huyo. Katika miaka thelathini watu walimwuliza kwa nini anachora, na kama hana kazi. Hakuna aliyewahi kumwuliza anachoraje. Akaenda chumbani, akainua godoro, akarudi na michoro yote. Akaipanga sakafuni mwaka baada ya mwaka, kutoka mlango wa mbele hadi jikoni, akamwonyesha namna ya kutumia ukucha. Moyoni alisema: akijua kuhesabu tu, shoga yangu amepona.

Mpimaji akapiga magoti. Alijua kuhesabu. Mwaka wa kwanza, milango sita. Wa tano, mitano na robo tatu. Alipofika karibu na jiko ilikuwa minne. Kizingiti katika kila picha kilikuwa kando ya jiwe lilelile jeupe.

"Ukuta wa mwenyekiti umetembea milango miwili," akasema.

"Umetembea."

"Na nyumba?"

"Nyumba haijawahi kutoka hata kwenda kusalimia."

Akaandika yote, kwa mwandiko mzuri, hata robo na nusu. Ndani ya picha cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Andika vizuri, mwanangu," Mama Cherehani akasema dirishani. "Mimi sina tena pa kwenda. Nikitolewa humu nitachorwa wapi?"

Mpimaji akafunga daftari, akasimama, akakung'uta magoti.

"Sijaona barabara iliyopimwa vizuri hivi," akasema, na alimaanisha. "Bibi, una rangi nyekundu? Yangu imebaki ofisini."

"Ya ukuta?"

"Ya nyumba. Fomu yangu ina nafasi ya nyumba tu."

"Na ukuta?"

"Ukuta una fomu yake. Huombwa kwa mwenyekiti wa mtaa."

Bibi Penseli akaikusanya michoro yake sakafuni. Kisha akamletea kidonge chekundu, kikombe cha maji na brashi yake nyembamba, maana hakutaka karatasi iharibiwe kwa brashi ya ovyo.

"Samahani, mama, rudisha kichwa ndani," mpimaji akasema.

"Usinichafulie pazia."

Hakulichafua. Alichora X safi, akaandika tarehe kwa chini, akanywa chai, akavaa viatu, akaaga. Wiki mbili.

Alipopotea konani, Mama Cherehani akatoka na kitambaa kibichi, akapangusa. Rangi ya maji ni rangi ya maji.

Wiki mbili zilipotimia tingatinga lilikuja. Dereva akachungulia ukumbini, akapima mlango kwa macho, akasema haliingii bila kubomoa nyumba ya Bibi Penseli, na hiyo ni fomu nyingine. Akaondoka. Tangu hapo mpimaji huja kila Jumatatu ya pili kuandika X upya, na suruali zake za kupunguzwa humletea Mama Cherehani, ambaye humkumbusha asizifue. Jumanne X hupanguswa. Kila ikipanguswa, rangi ya ukuta wa nyumba nayo hutoka kidogo. Siku za jua kali Mama Cherehani hulalamika kwamba mwanga unampenya. Bibi Penseli humpaka upya pale palipofifia, na vidonge vinaisha.

Mchoro wa mtaa hausimami kwa hayo. Sasa akitoka barazani hutoka na picha, huiegemeza kwenye ndoo, akapima mlango humo, kisha akanyanyua penseli kwenye barabara.

"Leo mingapi?" Mama Cherehani akauliza juzi.

"Mitatu na nusu."

"Si ilikuwa minne?"

"Ilikuwa."

Mwenyekiti alikuwa amesimama mbele ya ukuta wake, shati limenyooshwa, anapunga hewa.

"Bibi Penseli! Kila siku unachora ukuta tu. Nichore na mimi leo!"

"Simama hapohapo, baba. Usisogee."

Mwenyekiti akatulia, akainua kidevu. Bibi Penseli akafumba jicho, akamchora: kichwa, shati, miguu. Alipofika kwenye viatu, ukuta ukamgusa mwenyekiti mgongoni, taratibu, naye akapiga hatua moja mbele bila kugeuka, kama mtu anayempisha mgeni kwenye benchi, kisha akainua tena kidevu.

Bibi Penseli akatoa ufutio mfukoni, akafuta miguu, akaichora upya, mbele kidogo.