Dawa ya Yule Mama

Mtaa mzima unamwita Mama Dawa kwa sababu anauza dawa za kuulia wadudu wa mboga. Mimi nilikuwa na majina mengine ya kumwita. Mume wangu alikuwa haishi kwenda dukani kwake, na kila akirudi ni "yule mama anajua kazi", "yule mama kaniambia hivi". Mimi namshonea mashati, nampikia, namfulia, na sijawahi kusikia kwamba najua kitu. Wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki, wala sioni haya kusema.

Siku hiyo alirudi kutoka bustanini saa tano asubuhi, bomba la kupulizia bado liko mgongoni, shati limelowa chepechepe. Alikuwa anayumba. Machozi yanamtoka, mate yanamchuruzika kidevuni. Akajibwaga chini karibu na cherehani yangu.

"Umelewa?"

"Dawa," akasema, ulimi mzito. "Dawa ya yule mama... imeniingia."

Haya! Siku za mwizi arobaini. Kumbe kalishwa limbwata ampende, na sasa anakiri kwa kinywa chake. Nikamwacha pale anatapika, nikajifunga kibwebwe, nikatoka mbio.

Nilimkuta Mama Dawa anapanga chupa.

"Umempa nini mume wangu? Kasema mwenyewe dawa yako imemwingia! Anatokwa mate kama mtoto anayeota meno!"

Hakunijibu matusi. "Anatoa jasho? Mboni za macho zikoje?"

"Ndogo kama tundu la sindano! Umeridhika?"

Akanyakua glavu, akakimbia. Mimi mwenye mume nikabaki nyuma yake, nahema.

Nilipofika mlangoni alikuwa ameshatupa bomba nje na anamvua mume wangu shati. Kisha suruali. Nilitaka kumrukia.

"Bomba limevuja, sumu inapita kwenye ngozi!" akafoka. "Wifi, lete maji mengi na sabuni! Na mikono yako ivalishe mifuko ya plastiki!"

Eti wifi! Yaani ghafla mume wangu kawa kaka yake. Nilileta maji, na zaidi ya hayo kikombe cha maziwa, maana nani asiyejua kwamba maziwa hukata sumu?

"Usimnyweshe kitu, atapaliwa. Mlaze ubavu."

Tukamuosha nywele, mgongo, mpaka chini ya kucha, na kila alipomgusa mimi niliona. Jirani akaleta gari. Mama Dawa akachukua na chupa ya dawa aliyopulizia mume wangu, ili daktari asome kibandiko chake.

Siku ya nne mume wangu aliruhusiwa kurudi nyumbani. Sasa kila mgeni anasimuliwa: mke wangu hakupoteza hata dakika, alitoka mbio kunitafutia msaada. Mama Dawa akiwepo huinamisha macho. Hajamwambia mume wangu kwamba nilikwenda kumpiga. Ananisitiri, na hata kwa hilo namwonea wivu.