Kizibo cha Kibuyu cha Bibi

"…wameota, Anyes! Bakteria wangu wameota, shoga!" Sia alipiga kelele kwenye simu mpaka maabara nzima ikageuka.

Wiki nzima alijua utafiti wake umekufa. Alikuwa amekwenda kijijini Lingeka kuchukua bakteria wa maziwa ya mgando kwenye kibuyu cha bibi yake. Masikini, bibi naye, kwa kumheshimu msomi, alikuwa ameshakisugua kibuyu kwa sabuni hadi kinang'aa! Sia akaishia kubeba kizibo tu, ambacho bibi alisahau kukiosha, akarudi nacho maabara Bariadi na kuotesha uchafu wake.

"Bibi kasemaje?" Anyes aliuliza huku anacheka.

"Eti, 'Mjukuu wangu, umenitia aibu, kumbe umeondoka na kizibo kichafu?' Yuko kwenye basi na sabuni yake, anakuja kukiosha! Ngoja nikakifiche, mengine nitakwambia kesho!"