Jina la Baba Mkwe Kwenye Simu

Mke aliyeolewa Ikonge hatamki jina la baba mkwe wake. Hampi mkono, hamkatizi maneno, na wakikutana njiani humpisha akasimama pembeni mpaka mzee apite. Naye mzee humwonea haya vilevile, na neno lao hupitia kwa mtu wa tatu. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya Wagusii kati ya wakwe, na Esnah aliishika barabara tangu aolewe na Cleophas. Hata majirani waliopenda kumtafutia dosari walikuwa wamechoka kutafuta.

Kazini mambo yalikuwa kinyume. Esnah alikuwa opereta wa simu mjini Kisii, na kazi yenyewe ilikuwa kuwakatiza watu mchana kutwa. Mkuu wake, Bi Urmila, ambaye baba yake aliuza vitambaa barabara ya pili, aliwafundisha maopereta wake sheria ya simu za hatari za reli mpaka wakaiota usingizini. Kisii haina reli, ndiyo, lakini nyaya za Kisumu zikiangushwa na mvua, simu za bondeni, inakopita reli, hupitishwa kwao. Kwa hiyo sheria waliijua. Zungumza na yule aliyeona kwa macho yake. Uliza mahali, uliza kilichoharibika, uliza jina. Mrudishie maneno yake yote, akubali. Salamu zitangoja. Hapo kwenye salamu ndipo wasichana wote wa Kigusii walipocheka, maana nani kwao huanza habari bila kusalimu?

Mwaka wa sitini na nane mvua iliamua kututoa roho. Nyaya za Kisumu zilikuwa chini tangu jana yake, na asubuhi laini ya bondeni ikalia.

"Kisii," akasema Esnah.

"Bwakire," ikajibu sauti nzito ya mzee. "Mmeamkaje huko? Mvua imewaachia chochote shambani?"

"Bwakire buya, baba," akajibu kwa mazoea. Sauti ile aliijua. Alikuwa baba mkwe wake, mnyapara wa genge la mafundi wa reli kule bondeni. Naye mzee, kwa ukimya ulioingia, alikuwa ameitambua sauti ya mkamwana wake. Simu ikakwaruza, ikabadilisha mikono.

"Halo, mama. Mimi Ishwar, iko na duka hapa kando ya reli. Mzee hapana taka kuongea na wewe, anaona haya. Anasema daraja imekwenda na maji."

"Daraja lipi?"

"Ile ya chini. Kila mwaka iko ile ya chini."

"Wewe umeliona?"

"Mimi? Mimi iko dukani tangu jana. Maji iko mpaka mlangoni."

Esnah alijua duka hilo liko kati ya madaraja mawili, la juu na la chini. Treni ya abiria kutoka Nairobi ilikuwa ikiteremka asubuhi ile. Kama daraja la chini ndilo lililokwenda, treni ingeweza kufika salama mpaka kwenye duka la Ishwar ikasimama pale. Lakini kama ni la juu, treni ingetumbukia mtoni kabla hata ya kuliona duka. Na mtu pekee aliyejua alikuwa hatua chache kutoka kwenye simu, akitazama pembeni kwa heshima.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hao hawakuwahi kuwa na baba mkwe kwenye simu. Kwenye kiti cha pili alikaa opereta mwenzake Bathsheba, aliyeolewa Ekerenyo, jirani na Ikonge, na neno likiingia sikioni mwa Bathsheba hufika Ikonge kabla ya basi. Esnah aliogopa, tena sana.

"Mrudishie mzee simu."

"Anakataa, mama."

"Mwambie opereta anamwamuru."

Bathsheba akageuka. Upande wa pili mtu akapumua.

"Baba, umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Lakini mkamwana, kwanza uniwie radhi kwa…"

"Radhi baadaye. Daraja lipi?"

Sauti ya mzee ikawa ya kazi. "La juu, upande wa Muhoroni. Mto umechukua nguzo, reli zinaning'inia hewani. Laini yetu ya simu imekwenda na maji pia, ndiyo maana nimekimbilia hapa. Vijana wangu wana bendera nyekundu, lakini wako ng'ambo hii, na treni inatoka ng'ambo ile."

"Jina lako?"

"Unalijua."

"Nalijua. Nataka kulisikia kwako."

"Obwocha."

Esnah akamrudishia yote, mahali, daraja, nguzo, na mwisho jina. Ulimi ulikuwa mzito kama uliobeba jiwe. Mzee akakubali, Esnah akachomeka waya wa Kericho, na Kericho wakampa stesheni ya Muhoroni.

"Treni iko mbele yangu, imeshapewa ruhusa," akasema mkuu wa stesheni. "Nani ameona? Sizuii abiria kwa uvumi."

"Obwocha, mnyapara wa genge. Ameona kwa macho yake."

"Huyo hasemi ovyo. Ngoja."

Esnah akasikia viatu vikikimbia, filimbi, kelele za watu. Akangoja huku ameshika meza. Hatimaye yule bwana akarudi akihema, akasema treni imebaki palepale. Bi Urmila akamletea chai kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi Esnah na Cleophas walipopanda kwenda Ikonge, habari ilikuwa imeshawatangulia na kupata kiti. Ondieki, mdogo wake mzee, alikuwa uani akidai mbuzi wa kutakasa boma. Mke amemwamuru baba mkwe, akasema, amemkatiza, amemtaja jina mbele ya watu. Esnah akakimbilia jikoni kwa mama mkwe wake.

Obwocha mwenyewe alifika kutoka bondeni akivuta mbuzi kwa kamba.

"Mbuzi ni huyu. Nalipa mimi."

"Wewe ndiye uliyekosewa heshima," Ondieki akashangaa. "Utalipaje?"

"Mimi ndiye niliyeona haya, nikampa mwenye duka aeleze asichokiona. Treni ilikuwa imejaa watu, na haya zangu zilikuwa zinawapeleka mtoni. Mtoto huyu amewaokoa, na mimi ameniokoa nao."

Kisha akaja nyuma ya jiko, akaupa ukuta mgongo kama desturi inavyotaka, akamwambia mkewe kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mwambie mkamwana wako, siku nyingine asiningojee hata nifike kwenye radhi. Anikatize mapema."

Mama mkwe akafungua mdomo ili aupeleke ujumbe, lakini Esnah hakumngoja.

"Nimesikia, baba," akajibu mwenyewe kupitia ukutani, machozi yakimtoka, na Ondieki hakudai mbuzi wa pili.