Hodi ya Tatu

Intisar alikuwa amezitazama sinema za yule mwongozaji wa zamani, zile za nyeusi na nyeupe, mpaka siri yake akaijua: mwoneshe mtazamaji hatari kabla mhusika hajaiona, halafu usiwe na haraka. Akataka kutengeneza ya kwake hapa hapa Gando, Pemba, kwa mtindo ule ule. Wala hakuwa anacheza. Baba yake, Mzee Thabit, alishatoa neno: "Nikishtuka, nenda Unguja kasome hayo masinema yako. Nisiposhtuka, habari hiyo nisiisikie tena." Na Thabit ni mtu asiyeshtuka hata nazi ikimwangukia miguuni.

Muuaji wa sinema alipatikana upesi. Kificho, jirani yao mchuma karafuu, ana sura ya kuwaliza watoto na moyo laini kama mkate wa bofulo. Kazi yake ilikuwa ndogo tu: aingie kimyakimya, kisu kakificha mgongoni, amkute Bi Zuweina, bibi yake Intisar, kaupa mlango mgongo anachambua mchele.

Kificho akafika kizingitini, akasimama. "Hodi."

"Karibu mwanangu," akajibu Bi Zuweina. "Chai ipo."

Wakarudia. Hodi, karibu. Wakarudia tena, na safari hii Bi Zuweina akaulizia na hali ya mkewe.

"Kificho, wewe ni muuaji," akasema Intisar, karibu kulia.

"Najua. Lakini nimwingilie mama wa watu bila hodi? Hilo siliwezi mie, hata kwa uongo."

Intisar akaketi barazani, roho inamuuma, anaiona Unguja ikimponyoka. Kisha akacheka peke yake. Hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu, unakwenda zako. Nani Pemba asiyelijua hilo?

"Basi piga hodi," akamwambia Kificho. "Na wewe bibi, nyamaza mpaka nikwambie."

Ijumaa baada ya alasiri ghala la karafuu lilijaa watu waliokuja kuitazama sinema, madirisha yamezibwa kwa majamvi. Ukutani kikaonekana kisu kwanza, kisha mkono, kisha mgongo wa Kificho mlangoni. "Hodi," kwa adabu zote. Ndani, Bi Zuweina anachambua mchele. "Hodi." Bibi akatega sikio. Ghalani hakukohoa mtu. "Hodi." Bibi akafungua kinywa.

"Usimwitike, mama! Yuno ana kisu!"

Aliyesimama ni Thabit, kofia imemwanguka, na mama yake mwenyewe amekaa ubavuni pake anatafuna tambuu. Ghala zima likaangua kicheko. Intisar naye alicheka mpaka machozi yakamtoka, kwa furaha tupu.

Thabit akatoka wa kwanza, akidai ana shughuli Wete. Magharibi ilipokaribia akarudi, akasimama mlangoni pake.

"Hodi."

Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Ya tatu akaipiga kwa sauti ndogo.

"Tuoneshe mikono kwanza," akasema Bi Zuweina kutoka ndani.

Thabit akainua mikono yote miwili. Mmoja ulikuwa mtupu. Wa pili ulishika begi jipya la safari.