Betri ya Mama Mkunga

Kila mtu alimwita Spana, na hata mama yake mzazi alipomwita kwa jina halisi, alichelewa kugeuka. Kwa miaka kumi na minne aliiendesha gereji aliyoachiwa na baba yake, na magari ya mtaa mzima aliyajua kwa vikohozi vyake. Kisha mdogo wake wa kike, kitindamimba wa nyumba yao, akamaliza chuo cha ufundi na kuja kufanya kazi naye. Haikupita miezi mitatu, wateja wakawa wanaingia getini wakiuliza, "Binti yupo?" na Spana amesimama mbele yao kama nguzo.

Alicheka nao. Moyoni lakini kitu kilimwasha kama pilipili jichoni.

Bado alikuwa na mama mkunga. Huyo alikuwa wake. Ndiye aliyemzalisha mke wa Spana watoto wao watatu, na gari lake halikuwahi kuguswa na mkono mwingine. Jumatatu Spana alimbadilishia stata; akachomoa betri, akamaliza kazi, akairudisha. Jumanne mama akarudi.

"Spana mwanangu, likiwa kwenye mwendo halina neno. Nikisimama tu, linatetemeka kama lina homa. Mara mbili limezima."

Spana akabadilisha plagi. Akakagua nyaya. Akasafisha chujio la mafuta. Kutwa nzima gari likaendelea kutetemeka, resi zikipanda na kushuka. Mdogo wake alikuwa hatua tano tu kutoka pale, lakini kumwuliza ilikuwa sawa na kumeza msumari.

Jumatano asubuhi mama mkunga mwenyewe akasema, "Hebu mwite mdogo wako naye atazame. Vichwa viwili si kimoja."

Binti akasikiliza injini, akauliza, "Kaka, betri ilikaa nje muda gani?"

"Saa mbili hivi. Ulitaka nipigwe shoti?"

"Hujakosea. Ila kompyuta ya injini imesahau." Akafungua bomba la hewa, akamwonyesha mama masizi meusi kwenye mlango wa kuingizia hewa. "Uchafu huu uliingia kidogo kidogo, na kompyuta ikajifunza kuuzoea. Betri ilipochomolewa, mazoea yakafutika. Sasa inafungua mlango kama vile ni msafi, na injini inakosa pumzi."

Akausugua kwa dawa, akawasha gari, akaliacha lingurume dakika kumi bila mtu kukanyaga mafuta, kisha kumi nyingine kiyoyozi kikiwa kimewashwa. "Kompyuta inajifunza upya; bila somo hili, hata mlango ukiwa msafi gari litazima," akasema. Lilipotulia, ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya injini kisimwagike.

"Mikono ya baba yenu hii!" mama mkunga akasema. "Ameirithi yote huyu."

Yote. Spana akabaki na neno hilo. Mama mkunga alikwenda sokoni kwa miguu, na binti akaenda dukani kununua vipuri. Spana akazima gari, akafungua boneti, akachomoa betri. Alingoja robo saa, akairudisha. Mama aliporudi akampa ufunguo, hata machoni hakumtazama.

Haikupita nusu saa, simu ikalia.

"Spana mwanangu, gari limenizimikia njia panda, na kuna mama ameshikwa na uchungu, ananingoja! Njoo."

Alikuwa amempigia yeye, si binti. Akarukia pikapu ya gereji, akamkuta mama mkunga barabarani na mkoba wake kifuani, magari yakimpigia honi. "Chukua hii pikapu, mama. Nenda!"

Akasukuma gari hadi pembeni, akaliwasha, akaketi bila kugusa kitu, akihesabu dakika kumi kama alivyoona asubuhi. Mdogo wake, aliyeliona gari akitoka dukani, akatokea kwa miguu, akihema. Akaingiza kichwa dirishani, akaitazama saa ya gari. Ilikuwa imeanza upya kuhesabu.

"Betri imechomolewa tena," akasema.

"Nimeichomoa mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulilitengeneza. Nilitaka likushinde."

"Kama yule mama angejifungulia sakafuni peke yake je, kaka?"

Binti akazunguka, akaketi kiti cha pili, akawasha kiyoyozi, wakangoja dakika kumi nyingine.

Jioni mama mkunga akarudisha pikapu. Mtoto wa kike, mzima, kilo tatu na nusu. Spana akamweleza kila kitu akiwa amesimama, mbele ya mdogo wake.

"Wivu nao una uchungu wake," mama mkunga akasema. "Lakini gari langu kuanzia leo atalishika binti."

Kitu kile kilimwasha tena, palepale moyoni. Spana akaitikia, "Sawa, mama," akamkabidhi mdogo wake ufunguo.