Mkebe Uliozikwa Penye Jiwe

"Kama hakuna kitu, unakalia udongo kwa nini?" Consolée alimfokea jirani yetu Dative. "Inuka! We ni kuku, unaatamia?"

Tulicheka. Nusu ya mtaa wetu wa Kanyosha ilikuwa imehamia kando ya barabara siku hiyo, penye lile jiwe ambalo wanasema wazungu wa zamani walilala wakipita. Jovithe, Mkongomani aliyepanga kwa Consolée, alikuwa amepata mashine ya kutafuta vyuma vya kale: fimbo ndefu yenye sahani chini, ikipita juu ya chuma inalia. Tangu asubuhi ilikuwa imempa vifuniko vya bia, risasi moja, na sarafu ya Wajerumani iliyotugeuza wote kuwa walimu wa historia. Kisha, hatua tatu toka kwenye jiwe, ikalia kama mbuzi aliyeona kisu. Hapo ndipo Dative, mama asiyegombana hata na mbwa, alipokuja mbio akaketi chini palepale.

"Jovithe, mutoto wangu, tafuta kwingine," alisema. "Nakuomba."

"Mama, mashine haidanganyi."

"Mwenye kudanganya ni mutu!" Consolée akadakia. "Kila Jumapili anapita hapa, eti anatoka misa. Misa gani inapita kwa jiwe? Analinda dhahabu, huyu!"

Mimi nikatia chumvi, sikatai. Nikauliza lile paa lake jipya lilitoka wapi. Nilijua. Kaka yake wa Ngagara ndiye alimnunulia mabati, na siku ya kuyapigilia nilikula pale nikashiba. Lakini watu walicheka, na watu wakicheka mi sijui kunyamaza.

Dative aliniangalia. "Hata we, mama Loïc?"

Consolée alimshika mkono mmoja, mimi mwingine. Alikuwa mwepesi. Tukamweka kando, Jovithe akapiga jembe.

Ukatoka mkebe mkubwa wa maziwa ya unga, umeliwa na kutu, umefungwa kwa waya. Vigelegele! Jovithe akakata waya, akachungulia, akavua kofia.

"Leta tuone!" Consolée alimnyang'anya. Ndani kulikuwa na kitambaa cha njano, na katika kitambaa vifupa vyembamba kama vya ndege.

"Ni mutoto wangu," Dative alisema. "Alitoka kabla ya miezi yake, hakulia. Mwaka huu ni wa kumi na tisa. Mwenye nyumba alikataa nimuzike kwake, akasema namuletea mikosi. Nikatafuta kitu ambacho mutu hawezi kukihamisha."

"Si ungetuambia, dada," Consolée alisema.

"Niwaambie nyinyi? Habari ingefika sokoni mbele yangu."

Jovithe aliurudisha mkebe shimoni. Tukasukuma udongo kwa mikono, kila mtu akiogopa kuwa wa kwanza kuondoka. Tulipoanza kutawanyika, Dative akatuzuia.

"Apana. Mumetia udongo. Wenye kuzika wananawa kwa mufiwa, wanakula. Mutoto wangu hakupata hata mutu mumoja."

Tukamfuata. Mlangoni alitumiminia maji mikononi, mmoja mmoja, bila haraka. Mezani palikuwa na bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, alizopika kwa ajili yake peke yake. Akavimega vipande vidogo, vya kututosha wote. Tukakaa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Consolée alibaki nje, mikono inachuruzika maji, anatazama njia ya kwao.

Dative akamvutia kiti.

"Ingia, jirani," akamwambia. "Ingia ule."